Kupanda Mchongoma: Hesabu ya Kimo kwenye Reli ya Uganda

Reli ya zamani kutoka Mombasa hadi Kisumu ina urefu wa zaidi ya kilomita 930. Kwenye ramani ni mstari tu unaoelekea magharibi, na wengi wetu tumeuzoea hivyo. Mimi napenda kuutazama kwa ubavuni, jinsi mtu anavyotazama ngazi. Ukiutazama hivyo utaona kwamba safari yenyewe ni ya kupanda na kushuka. Inaanzia ufuoni. Inapanda polepole hadi Nairobi, inaendelea kupanda hadi takriban mita 2,300 kule juu ya Limuru, kisha inatumbukia kwenye Bonde la Ufa. Nakuru iko kama mita 1,850. Kutoka hapo inaanza tena kuparamia Mau hadi karibu mita 2,500, halafu inateremka mpaka Kisumu, ambako Ziwa Victoria limetulia kwenye mita 1,130 hivi juu ya bahari.

Nimefundisha fizikia kwa miaka kadhaa, na kila tunapofika kwenye somo la kazi na nishati huwa nachora mstari huo ubaoni. Wanafunzi huwa wameshakariri fomula kabla sijafungua mdomo: m mara g mara h. Yaani tungamo kwa kilo, mara mvutano wa dunia ambao ni 9.8, mara kimo kwa mita. Jibu huja kwa juli. Ndiyo nishati ambayo kitu huwa nayo kwa sababu tu kimeinuliwa. Tuiite nishati ya kimo. Gunia lililo juu ya lori linayo, maji yaliyo kwenye tangi la juu ya paa yanayo, na nazi iliyo mnazini inayo, kama anavyojua yeyote aliyewahi kulala chini ya mnazi.

Fomula hiyo ni fupi, lakini ilichukua muda mrefu kukomaa. Galileo, katika kitabu chake cha 1638, alishikilia kwamba mpira ukiviringika kwenye mteremko mkali au mteremko wa pole, spidi yake ikifika chini ni ile ile mradi kimo kilikuwa kile kile. Mwaka 1686 Leibniz, akibishana na wafuasi wa Descartes, alisema kwamba kuinua ratili moja kwa dhiraa nne ni sawa na kuinua ratili nne kwa dhiraa moja. Karibu miaka 170 baadaye, mwaka 1853, mhandisi Mskoti aitwaye William Rankine ndiye aliyeipa nishati hii iliyojificha jina ambalo vitabu vya Kiingereza vinalitumia mpaka leo. Kumbe fomula ambayo mtoto wa kidato cha tatu anaiandika kwa sekunde tatu ni mabishano ya karne mbili.

Na katika mabishano hayo yote kuna jambo moja lililobaki bila kupingwa: mabadiliko ya nishati ya kimo hayajali njia. Hutazama ulikoanzia na ulikofikia, basi. Umezunguka au umekata moja kwa moja, umepumzika mara tatu au hukupumzika, jibu ni moja. Hebu tulijaribu kwa reli yetu. Chukua shehena ya tani 10 kutoka Mombasa hadi Kisumu. Tofauti ya kimo ni mita 1,130. Kilo 10,000 mara 9.8 mara 1,130 ni juli milioni 110 na kidogo. Sasa, yuniti moja ya stima, ile unayonunua kwa tokeni, ni juli milioni 3.6. Kwa hivyo kuinua tani 10 kutoka baharini hadi kiwango cha ziwa ni yuniti 31 hivi. Nyumba yenye friji na televisheni inaweza kuzimaliza katika wiki chache.

Darasa huwa linacheka. Yuniti 31 tu? Si serikali ya Uingereza ilitumia zaidi ya pauni milioni 5 kwa reli hiyo? Si bungeni kwao walisema ni wazimu? Hapo ndipo huwaambia kwamba fomula haikusema uongo. Imejibu swali iliyoulizwa. Swali la historia ni lingine, nalo ni hili: hiyo njia ambayo fomula haiijali, nani aliilipia?

Tuanze kabla ya reli. Kwa miaka mingi, mzigo uliotoka pwani kwenda bara ulipanda juu ya kichwa au bega la mtu. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, mbali na mkeka wake na sufuria. Tutumie 30 kurahisisha hesabu. Kuinua kilo 30 kutoka Mombasa hadi mita 2,300 ni juli 676,200. Ukizigeuza kuwa kalori za chakula unapata kama 160. Hizo ni kalori za gramu 45 za unga wa mahindi, kiganja kimoja. Haya, mpagazi naye anaubeba mwili wake. Tuseme ana kilo 60, jumla 90. Sasa ni juli milioni 2 na kidogo, karibu kalori 485. Misuli ya binadamu hugeuza kama robo tu ya chakula kuwa kazi, kilichobaki kinakuwa joto na jasho. Zidisha mara nne: kalori 1,940, kama nusu kilo ya unga. Posho ya kawaida ya mpagazi kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, ambacho ni zaidi kidogo ya nusu kilo. Yaani kwa mujibu wa fomula, mtu angeweza kutoka Mombasa mpaka juu ya Limuru kwa kibaba kimoja, na makombo yakabaki.

Lakini hakuna mpagazi aliyefika kwa kibaba kimoja. Msafara ulichukua wiki kadhaa, na kila siku ilikuwa na kibaba chake, kama kilikuwepo. Vibaba vingine vilikwenda wapi?

Jibu limo katika hatua. Mtu anapotembea, kiwiliwili chake hupanda na kushuka kidogo kwa kila hatua. Tuseme sentimita 3. Kutoka Mombasa hadi Limuru kwa njia ya reli ni karibu kilomita 560. Kwa hatua ya sentimita 70, hizo ni hatua 800,000. Zidisha kwa sentimita 3: mpagazi amejiinua mita 24,000 kabla hajafika. Ni zaidi ya mara kumi ya kimo chote alichopanda. Ni sawa na kupanda Kilimanjaro kutoka usawa wa bahari mara nne, akiwa na frasila mbili kichwani. Ni kweli mwili una ujanja wake. Sehemu ya nishati hiyo hurudi mguu unapobembea, kama pendulo ya saa. Lakini hairudi yote. Na kila alipoinuka sentimita 3 akashuka sentimita 3, fomula ilisema: mabadiliko ni sifuri. Kwa hatua 800,000, sifuri.

Huu ndio mlango ambao watu hupotelea katika hesabu. Kilichopanda na kushuka hakionekani mwishoni, na pia kilichoharibika njiani hakionekani. Mwaka 1895, msafara wa wapagazi Waswahili na Wakikuyu ulishambuliwa na Wamaasai katika bonde la Kedong, chini kabisa ya Ukingo wa Kikuyu, baada ya watu wa msafara kuwachokoza wenyeji. Mamia waliuawa. Mizigo waliyokuwa wamebeba ilikuwa imeshapata nishati yake ya kimo yote, juli kwa juli.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka uliofuata, 1896. Reli zilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, mahali palipokuwa kinamasi ambapo Wamaasai walinyweshea mifugo. Mhandisi mkuu alikuwa George Whitehouse. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Hesabu rasmi inasema 2,493 kati yao walikufa na zaidi ya 6,000 wakarudishwa makwao wakiwa wagonjwa au walemavu. Simba wa Tsavo ndio waliopata umaarufu, lakini malaria, kuhara na ajali viliua wengi kuliko simba. Waafrika waliofanya kazi kwenye reli hiyo, vifo vyao havikuandikwa kwa makini namna hiyo. Nimeshawahi kuulizwa na mwanafunzi, "Mwalimu, sasa hao tuwaweke wapi kwenye fomula?" Nikamwambia: hawamo katika m, hawamo katika g, hawamo katika h. Wamo katika njia.

Sasa twende mahali ambapo mimi huona fizikia na historia zimeshikana mikono. Reli ilipovuka Limuru ilifika ukingoni. Yeyote aliyesimama kando ya barabara ya juu, pale wauza ngozi za kondoo na kofia wanapowangojea watalii, anajua ninachosema: ardhi inaisha ghafla, na huko chini kuna Longonot, kuna mashamba, kuna vumbi. Wahandisi walikuwa na mpango wa njia ya kudumu ya kushuka taratibu kwa kuzunguka na kuvuka mabonde kwa madaraja. Lakini kuijenga kungechukua muda mrefu, na huku mbele bondeni kulikuwa na mamia ya kilomita za kutandika. Reli, mataruma, chakula, maji, hata injini zenyewe zilihitajika kule chini mara moja.

Tazama tatizo lao kwa hesabu. Ukishusha reli mita 2 kwa kila mita 100 za mwendo, kushuka mita 450 kunahitaji kilomita 22 na nusu. Ukiishusha kwa mteremko wa mita 1 kwa kila mita 2, kilomita moja hivi inatosha. Nishati ya kimo inayopotea ni ile ile kwa njia zote mbili. Galileo angewaambia hivyo. Kinachobadilika ni nguvu inayohitajika kulishikilia behewa. Kwenye mteremko wa pole, breki za kawaida zinamudu. Kwenye mteremko wa moja kwa mbili, behewa halishikiki, linageuka jiwe.

Wakachagua njia fupi, kwa muda. Walijenga reli za kamba za chuma, vipande vinne vikifuatana kuelekea chini. Katika vipande viwili vya katikati mteremko ulikuwa mkali mno hata behewa halikuweza kusimama kwa magurudumu yake. Kwa hivyo lilipandishwa juu ya kitoroli maalumu chenye umbo la pembetatu, kirefu upande wa chini na kifupi upande wa juu, ili behewa likae sawa kama meza huku chini yake ardhi inakimbia. Kamba ilizungushwa kwenye gurudumu kubwa lenye breki kule juu. Na huu ndio utamu wake: upande mmoja wa kamba lilifungwa behewa lenye shehena linaloshuka, upande wa pili behewa tupu linalopanda. Kinachoshuka kilikivuta kinachopanda.

Tufanye hesabu yake, kwa nambari za mfano. Behewa lenye shehena lina tani 15. Behewa tupu lina tani 5. Yameshuka na kupanda mita 100 za kimo. La kwanza limepoteza juli milioni 14.7. La pili limepata juli milioni 4.9. Tofauti, juli milioni 9.8, ni nishati ya kimo ya zile tani 10 za shehena peke yake. Mabehewa yenyewe yamefutana, kana kwamba hayakuwa na uzito. Hiyo milioni 9.8 iliyobaki ndiyo iliyokwenda kwenye breki ya gurudumu la juu, ambako palikuwa na mtu wa kuishika. Hakuna makaa yaliyochomwa kuyapandisha mabehewa tupu. Mlima wenyewe ulilipa.

Naupenda mtambo ule kwa sababu ulikuwa mkweli. Kwenye reli ya kawaida, ukipanda unalipa kuni, na ukishuka unapoteza ulichokuwa umelipia. Pale, kwa kipindi kifupi, kushuka kulihesabiwa. Kila juli ilikuwa na mwenyewe: hii ya kupandisha behewa, hii ya breki. Njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901, kamba zikaondolewa. Tarehe 20 Desemba mwaka huo huo reli ikafika ziwani, mahali walipopaita Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mmoja wa wahandisi. Leo ni Kisumu.

Baada ya hapo hesabu ikarudi kuwa ya kawaida, na tuifanye sawasawa sasa, tukiifuata njia. Ukiacha vilima vidogo, shehena yetu ya tani 10 inapanda mita 2,300 hadi Limuru, inashuka 450, inapanda tena 650 hadi Mau, inashuka 1,370 hadi ziwani. Jumla ya kupanda ni mita 2,950, na kushuka 1,820. Toa moja kutoka kwa nyingine, unarudi kwenye 1,130 yetu ya mwanzo. Lakini injini haikulipia 1,130. Ililipia 2,950, ambazo ni yuniti 80 za stima, si 31. Zile 49 za tofauti ziliyeyuka kwenye breki wakati wa kushuka.

Na yuniti 80 zenyewe zilitoka wapi? Kwenye kuni. Injini za mvuke za enzi ile ziligeuza sehemu ndogo sana ya joto kuwa mwendo. Tukisema sehemu 5 kwa 100, na kilo moja ya kuni ina juli milioni 15, basi kuiinua tu ile shehena ya tani 10 kulikula karibu kilo 400 za kuni. Hapo sijagusa uzito wa mabehewa, wala wa injini, wala msuguano wa njia nzima. Misitu ya kando ya reli ikapungua. Mwaka 1902 ukaletwa mkaratusi kutoka Australia, mti unaokua upesi, upandwe kuwa kuni za garimoshi. Ukipita Limuru leo ukaona ile mistari ya bulugamu mirefu, watu wakilalamika kwamba inanyonya maji ya shamba, ujue ni sehemu ya jibu la m mara g mara h. Garimoshi la kuni liliondoka zamani, mti ukabaki.

Kuhusu ile nishati inayoyeyuka kwenye breki, inabidi nimtaje mtu mmoja tena. James Joule alikuwa mwana wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester. Katika miaka ya 1840 alifunga vizito kwenye kamba, akaviacha vishuke, na kamba ikazungusha mapanga ndani ya chombo cha maji. Maji yakapata joto. Kidogo sana, lakini alikuwa na kipimajoto kizuri na subira nyingi. Mwaka 1850 akatangaza jibu: ratili moja ya kitu ikishuka futi 772, nishati yake inatosha kupasha ratili moja ya maji joto kwa digrii moja ya Fahrenheit. Kwa vipimo vyetu, ni kushuka karibu mita 424 kwa digrii moja ya selisiasi. Yaani kimo hakipotei. Kimo kinakuwa joto. Ndiyo sababu leo kipimo cha nishati kinaitwa kwa jina lake.

Mtu anaweza kudhani mambo haya yaliisha na garimoshi la kuni. Hapana. Mizigo mingi ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Congo sasa inapita barabarani, na barabara inafuata ngazi zile zile. Mjomba wangu aliendesha malori kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi. Mimi nilipokuwa chuo nilipenda kumweleza nilichosoma, naye alipenda kunisikiliza huku akichambua njugu. Siku moja nikamuuliza ni wapi palimtisha zaidi. Nilidhani atasema kupanda Mau na kontena zito.

"Kupanda hakuui mtu," akasema. "Ukishindwa kupanda, unasimama. Taniboi anashuka anaweka jiwe nyuma ya tairi. Ukishindwa kushuka, nani atakuwekea jiwe?"

Nikamuuliza kuhusu wale wanaotoa gia, wanaliacha lori liteleze free ili kubana dizeli. Akanyamaza kidogo. "Mwenye lori anakuhesabia mafuta lita kwa lita. Mlima haukuhesabii kitu pale pale. Kwa hivyo mtu anaona amepata bure. Mzee aliyenifundisha kazi aliniambia, shuka na gia ile ambayo ungepandia. Hiyo tu. Sijaenda shule kama wewe, lakini hiyo tu."

Hebu tulithibitishe neno la yule mzee. Lori la tani 48 linatoka Mau Summit, karibu mita 2,500, linashuka Nakuru, mita 1,850. Tofauti ni mita 650. Kilo 48,000 mara 9.8 mara 650 ni juli milioni 305 na zaidi. Hiyo ni yuniti 85 za stima. Ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 900 za maji baridi, mitungi 45 ya lita 20. Joto lote hilo lazima liende mahali kabla lori halijafika Nakuru. Ukishuka kwa gia nzito, injini inakuwa kama pampu. Inasukuma hewa, inalipumua joto nje polepole, na upepo unalichukua. Ukitoa gia, injini haina kazi. Kazi yote inaangukia breki. Tuseme dramu zote za breki za lori na trela zina kilo 600 za chuma. Nishati ile ikiingia humo yote bila kupoa, joto lingepanda kwa zaidi ya digrii 1,000. Bila shaka upepo unazipoza kiasi, na msuguano wa tairi na hewa unachukua sehemu yake. Lakini breki huanza kulegea mapema sana kabla ya joto hilo. Dereva anakanyaga, pedali inashuka, lori haliitiki.

Na hapo mlima unarudi kwa Galileo. Kinachoshuka mita 100 za kimo bila kuzuiwa na chochote hufikia kilomita 160 kwa saa. Tungamo halimo katika jibu hilo. Ni sawa kwa lori na kwa nazi. Kwenye barabara hiyo hakuna kamba ya chuma, wala behewa tupu upande wa pili la kupunguza deni.

Wakenya tunayajua majina ya sehemu hiyo ya barabara bila kuangalia ramani. Salgaa. Sachangwan, ambako tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lililopinduka lilishika moto na kuua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamekusanyika. Londiani, ambako tarehe 30 Juni 2023 lori lililopoteza mwelekeo liliwagonga watu makutanoni, wakafa zaidi ya 50, wengi wao wachuuzi na abiria wa kando ya barabara. Kila ajali ina sababu zake na si kazi yangu kuhukumu. Ninachoweza kusema kama mwalimu ni kwamba nishati iliyopo pale juu ilipandishwa na mtu, kwa dizeli iliyonunuliwa, na haifutiki kwa sababu mwenye shehena ameshapata risiti. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Hawakuwa na fomula, lakini walitazama upande wa mti ambao sisi huusahau.

Kwa hivyo siku hizi swali la lori nalitoa katika sehemu mbili. Sehemu (a): lori la tani 48 linashuka kutoka mita 2,500 hadi mita 1,850, tafuta mabadiliko ya nishati yake ya kimo. Karibu wote hupata. Sehemu (b): nishati hiyo imekwenda wapi, na nani amesimama hapo? Sehemu (b) haina alama katika mtihani wa kitaifa. Ndiyo ninayoisahihisha kwanza.